Kasa wa Msimbati na simu za wavuvi

SWALI: Shikamoo, mama. Nasomea sayansi ya bahari, sasa nipo nyumbani likizo. Naandika Facebook kuhusu kasa, maandishi marefu yenye takwimu, lakini wanaosoma ni wanachuo wenzangu tu. Wavuvi wa huku nitawafikiaje? – Msomaji, Msimbati, Mtwara

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umenifurahisha sana. Hao wavuvi watafute kwenye makundi ya WhatsApp. Rekodi sauti ya dakika moja, kwa Kiswahili cha nyumbani kwenu. Video nzito inamaliza bando, wataipita.

Sema jambo moja tu kwa siku. Ningeanza na mchanga: mayai ya kasa hukaa humo takriban miezi miwili, na mchanga ukiwa na joto zaidi huanguliwa majike wengi; ukipoa, madume. Hilo wazee watalisikiliza, kisha watakuuliza maswali. Jibu kila swali, hata la ukali. Hifadhi ya bahari ipo hapo tangu mwaka 2000 na watu wana yao ya moyoni kuihusu, wasikilize kwanza. Siku nyingine eleza taa: vitoto vya kasa hufuata mwanga, vikaiacha bahari.

Na picha za viota, nakusihi, usitaje mahali, tena zima GPS ya kamera, ile inayoweka mahali ndani ya picha. Wachimba mayai nao wana simu.

Mvuvi akikutumia picha ya kasa aliyenasa kwenye wavu wa jarife, usimwaibishe kundini. Mpigie, muulize alimwachiaje.