Kumuuguza mama anayesahau si kazi ya binti peke yake

Pole sana, mdogo wangu. Umesema unamuuguza mama peke yako hapo Moshi, kaka zako wanatuma pesa tu, majirani wananong'ona habari za uchawi, na ukichoka unaogopa kukosa radhi.

Nianze na huo uchawi, maana naona ndio unaokutafuna. Dimensia, yaani kupotewa na kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, ni ugonjwa wa ubongo. Hapo jirani kwenu, wilayani Hai, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwakuta nao takriban wazee 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi. Wote hao wamerogwa? Hospitali mpeleke hata hivyo, kwani upungufu wa vitamini B12, hitilafu ya tezi ya shingoni au dawa fulani huweza kuleta usahaulifu unaotibika.

Sasa radhi. Tumelelewa kwamba mtoto mwema halalamiki, na malezi hayo yana uzuri wake: wengi hufarijika kuona wanarudisha fadhila. Yakigeuka amri ya kunyamaza, yanaumiza. Niliyaona kwa shangazi yangu, aliyemtunza bibi mpaka usingizi ukamkimbia, akawa anamfokea, kisha anakwenda kulia jikoni. Hakuwa na roho mbaya; alichoka.

Itisha kikao cha ukoo, mjomba awepo. Usiombe pesa, omba siku: wifi Jumamosi, kaka likizo yake nzima. Na mama akisema anamsubiri baba aliyefariki zamani, usibishane naye. Muulize baba alipenda kula nini.