Anafumba mdomo akiona kijiko

Maswali ya wiki hii mengi yametoka kwa wazazi wa watoto wa mwaka 1 hadi 3 wanaosumbua kula.

Mwanangu ana mwaka 1 na miezi 8. Alikuwa anamaliza bakuli, sasa vijiko vitatu anageuza uso. Mama mkwe anataka nimlaze mapajani nimnyweshe uji kwa nguvu.

Usimlaze, mama. Mtoto anayelia huku amelala chali hupaliwa, uji ukaingia njia ya hewa. Na hata akimaliza kikombe, kesho atakiona kikombe atakimbia. Mweleze mama mkwe kwa heshima kwamba baada ya mwaka wa kwanza kasi ya kukua hupungua, na hamu ya kula hupungua nayo. Kazi yako ni kupanga anakula nini na saa ngapi. Kiasi, mwachie yeye. Pakua kidogo: vijiko viwili vya wali, kipande cha samaki kisicho na miiba. Kaeni mkekani mle pamoja, ajilishe mwenyewe, wali ukimwagika utafagiliwa. Baada ya nusu saa ondoa sahani bila kugomba, na asipewe biskuti hadi mlo unaofuata. Siku za kwanza utaumia moyo. Vumilia.

Binti yangu wa miaka 2 hataki chakula, anataka maziwa. Kwa siku anakunywa karibu lita nzima.

Basi anafika kwenye chakula ameshashiba. Maziwa ya ng'ombe yana madini ya chuma kidogo sana, na mtoto anayeyategemea anaweza kupungukiwa damu. Yasizidi nusu lita kwa siku, tena baada ya mlo. Chai achana nayo kabisa, inazuia mwili kufyonza chuma. Mpe maini, dagaa waliosagwa, maharage, kisha chungwa.

Mchicha anautema. Nimeacha kumpa.

Umempa mara ngapi? Watoto wengi huhitaji kuonja chakula kipya mara 10 au zaidi. Weka kijiko kimoja kando ya ugali, usimbembeleze. Kuna mtoto nilimtazama akiuchukua mchicha, akaubonyeza kwa vidole, akaunusa, akaurudisha sahanini. Mama yake alisikitika, mimi nilifurahi: jana yake alikuwa ameutupa chini.

Hali mpaka awekewe katuni kwenye simu.

Anameza bila kusikia kama ameshiba. Anzeni na mlo mmoja bila simu, na zenu wazazi ziwekwe kando pia.

Niwe na wasiwasi lini?

Fungua kadi ya kliniki. Mstari wa uzito ukilala au ukishuka, mpeleke. Vivyo hivyo akila udongo, viganja vikipauka, au akipaliwa karibu kila akila. Uliza pia kuhusu dawa ya minyoo. Zile dawa za kuongeza hamu ya kula zinazouzwa madukani, tafadhali, usimpe bila daktari kumwona.