Tumbo linauma wapi? Aonyeshe kwa kidole

Mgonjwa akisema tumbo linamuuma, mwambie aonyeshe kwa kidole kimoja pale maumivu yalipoanzia, kisha pale yalipo sasa. Kuhama kwa maumivu kunasema mengi.

Kidole tumbo, kile wengi hapa Bukavu wanakiita apendisi, mara nyingi huanza kuuma karibu na kitovu, na mgonjwa hana hamu hata ya bugali na sambaza. Ndani ya saa 12 hadi 24 maumivu hushuka chini kulia na kukaa hapo. Chora mstari wa kuwazia kutoka kitovuni hadi ncha ya mbele ya mfupa wa nyonga ya kulia: theluthi iliyo karibu na mfupa ndipo panapouma zaidi. Kama njiani kwenye moto (pikipiki) kila shimo linamtoa kilio, mwambie daktari, kwa sababu utando unaozunguka matumbo huenda umeanza kuvimba. Msimpige bomba la majani (dawa ya majani inayoingizwa kwa njia ya haja kubwa) wala kumpa dawa ya kuharisha mkidhani ni choo kigumu! Kidole tumbo kilichovimba kinaweza kupasuka. Na maumivu yakitulia ghafla, kisha tumbo zima likauma na kukaza, msishangilie: huenda kimeshapasuka.

Juu kulia, chini ya mbavu, fikiria mfuko wa nyongo, hasa baada ya mlo wa mafuta na maumivu yakipanda hadi bega la kulia. Homa ikiwepo, hata jipu la ini linawezekana. Katikati juu mara nyingi ni vidonda vya tumbo, na dawa za maumivu kama diclofenac au ibuprofeni huvizidisha. Lakini mtu mzima anayetoka jasho huku kifua kikimbana apelekwe haraka, maana moyo nao huuma hapo.

Jiwe la figo huanzia ubavuni nyuma na kushuka hadi kinenani. Huyu hujigeuza-geuza bila kupata nafuu, wakati mwenye utando uliovimba hulala kimya, hataki kuguswa.

Kwa mwanamke, ulizeni kwanza aliona siku zake lini. Akichelewa, akaumwa chini ya tumbo na kusikia kizunguzungu, huenda mimba imetunga nje ya kizazi, na damu inaweza kumwagika ndani bila kuonekana nje. Hapo msingoje asubuhi.

Mkiondoka kwenda hospitali, asile wala asinywe, kwani huenda akapasuliwa. Chukueni pakiti za vidonge alivyokwisha kumeza, na mwandike saa alizovimeza.