Wasomaji Wauliza: Mbio za Mafumbo Mjini kwa Mara ya Kwanza

SWALI: Wahariri, mimi na rafiki yangu tumejiandikisha kwenye mbio za mafumbo katikati ya jiji la Dar es Salaam, Jumamosi kuanzia saa mbili asubuhi. Timu ni za watu wawiliwawili. Tutapewa karatasi ya mafumbo kumi na tunaruhusiwa kuacha moja. Kila fumbo lina mahali pake, na ushahidi ni picha. Muda ni saa nne, kwa miguu au usafiri wa umma. Bodaboda, bajaji na teksi marufuku. Sisi ni wanawake wa kazi za ofisini, mbio hatuziwezi. Tujiandae vipi? – Msomaji, Tabata

JIBU: Dada, mbio zenyewe zisikutie hofu. Mchezo huu huamuliwa katika dakika ishirini za mwanzo, mkiwa mmekaa. Filimbi ikilia, timu nyingi hutimka zikiwa zimesoma fumbo la kwanza tu. Zinafika Mnara wa Saa, ndipo zinagundua kwamba fumbo la saba lilikuwa Sanamu ya Askari, hukohuko zilikotoka. Ninyi tafuteni kivuli. Mmoja asome mafumbo yote kwa sauti, mwingine aandike jibu la kila moja na kutia alama kwenye ramani. Majibu yakishakaa kwenye ramani, njia itajionyesha: yanayokaribiana yafuatane, lililo peke yake mbali ndilo la kuacha. Fumbo linalowavusha maji kwenda Kigamboni, kwa mfano, liacheni bila majuto, maana foleni ya kivuko hamna uwezo nayo.

Hesabu ya muda ni hii. Saa nne ni dakika 240. Toeni 20 za kupanga na 20 za akiba ya kurudi. Zinabaki 200 kwa mafumbo tisa, yaani kama dakika 22 kwa kila moja, pamoja na kutembea, kutafuta na kupiga picha. Mkizunguka mahali dakika kumi bila kuona kinachotakiwa, songeni mbele.

Someni kila neno la fumbo. Chukulia hili: “Walibeba mizigo ya vita, penye jina lao leo pauzwa vitunguu.” Anayeishia kwenye neno “vita” atakimbilia Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika wa Vita Kuu ya Kwanza. Lakini vitunguu vinampeleka Kariakoo, jina lililotokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika vita hivyohivyo. Kwa basi la mwendokasi kutoka Posta, shukeni kituo cha Fire, mfuate Mtaa wa Msimbazi kwa miguu. Au hili: “Fuvu la 1959 limelala mtaa wa malenga.” Malenga ni Shaaban Robert, na fuvu la Zinjanthropus kutoka Olduvai liko Makumbusho ya Taifa, kwenye mtaa wenye jina lake. Hapo angalieni kama mnatakiwa kuingia ndani au picha ya nje inatosha. Tofauti hiyo inaweza kuwala nusu saa.

Mtego mwingine ni makanisa mawili ya enzi za Wajerumani yanayotazama bandari: Azania Front la Walutheri, lenye mapaa ya vigae vyekundu, na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu la Wakatoliki, lenye mnara uliochongoka. Mgeni huyachanganya kwa urahisi, na picha ya kanisa lisilo lenyewe haina alama.

Sasa picha, maana hapa ndipo alama nyingi hupotea. Waamuzi kwa kawaida hutaka wote wawili mwonekane pamoja na kitu au maandishi yaliyotajwa. Selfi ina matatizo mawili: nyuso huziba maandishi, na kamera ya mbele ya baadhi ya simu hugeuza picha kama kioo, herufi zikasomeka kinyume. Zimeni ugeuzaji huo kwenye mipangilio ya kamera tangu nyumbani. Bora zaidi, mwombeni mtu awapige kwa kamera ya nyuma. Msalimieni kwanza, mpeni simu kamera ikiwa tayari imefunguliwa, mwambieni kinachotakiwa kuonekana. Chagueni mwenye duka au mlinzi, mtu asiye na pa kukimbilia na simu yenu. Itazameni picha kabla ya kuondoka. Na msielekeze kamera Ikulu, kambi za jeshi, vituo vya polisi wala eneo la bandari, hata kama fumbo linaonekana kuelekea huko, waulizeni waandaaji.

Mzigo uwe begi dogo moja la mgongoni: maji lita moja kwa kila mtu, pawabanki ya mAh 10,000 na waya wake, kalamu mbili, chenji ya nauli, plasta, kofia. Pakueni ramani ya katikati ya jiji usiku wa kuamkia, ili bando au mtandao ukigoma msikwame. Msivae viatu vipya. Malengelenge huletwa na msuguano pamoja na jasho, kwa hiyo pakeni mafuta ya mgando visiginoni na kati ya vidole, soksi ziwe kavu na zisilegee.

SWALI: Mwenzangu ana mbio sana, mimi najikokota. Tutashindana katika Mji wa Kale, Mombasa. Je, atangulie yeye nami nimfuate? – Msomaji, Likoni

JIBU: Hapana. Ikiwa picha inawataka nyote wawili, atakayetangulia atakuja kukungoja tu. Gawaneni kazi: wewe shika karatasi na ramani, yeye atazame kuta, milango na vibao. Tembeeni kwa haraka dakika tano, mkimbie polepole moja, hivyohivyo hadi mwisho; mtafika mapema kuliko wanaochomoka na kusimama.

Vichochoro vya Mji wa Kale ni vyembamba na nyumba ni ndefu, hivyo nukta ya GPS huruka hadi kichochoro cha pili. Shikeni alama zisizohama: Fort Jesus, Ndia Kuu, Msikiti wa Mandhry. Mkipotea, mwendeeni mzee aliyekaa barazani, mwamkuweni kwa shikamoo, kisha muulizeni kwa jina la mahali. Kumwonyesha simu hakutawasaidia sana. Vaeni nguo za heshima, na msiwapige picha watu bila ruhusa, hasa wanaoingia au kutoka msikitini.

SWALI: Kumpigia simu mtu aliye nyumbani atusaidie kufumbua ni udanganyifu? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Inategemea kanuni za mbio zenu, na mbio nyingi za aina hii huruhusu. Zikiruhusu, teueni mtu mmoja mwenye kompyuta na anayeujua mji, mumpe taarifa siku moja kabla. Karatasi ikitoka tu, mtumieni picha yake kwa WhatsApp, mumwambie aanze na fumbo la kumi kwenda juu huku ninyi mkianza na la kwanza kushuka.