Kifurushi cha mwezi kwenye mgahawa wa kahawa: ile hela ni deni la vikombe

Mkuu, umeuliza kama kwa mgahawa wako wa meza sita hapo Mwanza inalipa kuuza kifurushi cha mwezi, mteja atoe 60,000 mara moja halafu anywe kahawa bila kikomo. Waliotangulia wamekwambia anza tu, utajifunza mbele ya safari. Mimi nakuomba usianze hivyo. Mimi nilianza hivyohivyo, na nilijifunza kwa hela ya pango.

Nina mgahawa mdogo wa kahawa Dar, katikati ya maofisi, huu mwaka wa tano. Kapuchino nauza 5,000. Kila asubuhi nilikuwa naona sura zilezile, nikawaza, kwa nini hawa wasilipe mwezi mzima nikawa na uhakika nao? Nikaweka bei 70,000, kunywa utakavyo. Ndani ya siku nne wakalipa watu 14. Hiyo ni 980,000 imeingia kwenye simu kabla sijachemsha hata maji yao. Kodi ya fremu ilikuwa imefika, nikalipa. Iliyobaki nikanunua mashine ya kusagia iliyotumika. Nikajua nimetoka.

Sasa twende kwenye hesabu, maana ndiyo sikuipiga. Espreso ya kikombe kimoja kwangu inakula gramu 18 za kahawa. Kilo ya buni iliyokaangwa wakati ule nilinunua 32,000, kwa hiyo hapo ni kama 580. Maziwa robo lita pungufu kidogo, pamoja na yale yanayobaki kwenye jagi na kumwagwa, weka 400. Sukari na tishu 50. Akichukua cha kuondoka nacho, kikombe cha karatasi na kifuniko chake 350. Jumla 1,380, bado hujagusa umeme, mshahara wala pango. Mteja wa vikombe viwili kwa siku, siku 26 za kazi, ni vikombe 52. Zidisha: 71,760. Amenilipa 70,000. Na waliokuwa wanakunywa vitatu walikuwepo, na siwalaumu hata kidogo, nilichowauzia ndicho hicho.

Lakini hasara ya maziwa haikuwa kubwa kuliko ya foleni. Kuna Jumatatu siisahau. Saa mbili kasoro asubuhi, kijana wangu yuko kwenye mashine peke yake, mbele yake watu wanane, sita wa kifurushi. Nyuma kabisa kuna dada mmoja ameshika noti ya 10,000 mkononi, kaikunja mara mbili kwa urefu. Akatazama saa, akatazama ile foleni, akairudisha noti kwenye pochi akaondoka. Wale sita walishanilipa na hela yao nilishaitumia. Yeye ndiye angenunua maziwa ya kesho. Ilipofika wiki ya tatu nikawa nakopa maziwa kwa muuzaji wangu, huku mgahawa umejaa watu.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo natamani ulishike kabla ya kuchapisha hata kadi moja. Sote tunalijua daftari la mama ntilie: mtu anakula leo, analipa mwisho wa mwezi, mdaiwa ni mteja. Kifurushi ni daftari lililogeuzwa. Mteja ndiye amekukopesha, mdaiwa ni wewe, tena unadaiwa vikombe. Maziwa yakipanda bei katikati ya mwezi, deni lako limepanda nalo. Umeme ukikatika asubuhi nzima, deni liko palepale.

Kwa hiyo nilifuta ule mpango. Wale 14 niliwamalizia mwezi wao kama nilivyoahidi, sikupunguza kitu, halafu nikaanza upya kwa kadi ya vikombe. Vikombe 22 kwa 85,000, ambavyo kwa bei ya kawaida ni 110,000. Kila kikombe muhuri mmoja. Hakuna bila kikomo. Kahawa nyeusi ina kadi yake ya bei ya chini, maana haina maziwa.

Na hela haigusi mauzo ya siku. Nina laini ya pili ya simu, namba ya malipo ya kadi ni ya laini hiyo tu. Kila Ijumaa jioni tunahesabu mihuri ya wiki, nahamisha 3,800 kwa kila muhuri kwenda kwenye hela ya biashara. Ikigongwa mihuri 60, nahamisha 228,000, basi. Kilichobaki kwenye ile laini si changu bado. Mteja akihama ofisi akaja kudai vikombe vyake tisa, namrudishia hela palepale bila kutafuta pa kukopa. Imeshanitokea mara mbili, na mmoja wao ameniletea wenzake wawili.

Swali la kwanza utakaloulizwa ni hili: "Zikiisha siku na vikombe vimebaki?" Watu wameumizwa na bando za simu, mtu analala na data anaamka hana. Neno kifurushi lenyewe limebeba hayo maumivu. Mwanzoni niliweka siku 30, nikaona wateja wanakunywa kwa hasira siku za mwisho, mtu anachukua vinne anawagawia wenzake ili visipotee. Hapo hata faida ya vikombe visivyonywewa huipati, na umemfanya mtu akione kikombe chako kama mzigo. Sasa naweka siku 60, na Ramadhani hazihesabiwi. Hilo la Ramadhani alinifundisha mteja wangu mmoja, mama wa makamo, alikuja siku mbili kabla ya mfungo akaweka kadi juu ya kaunta, ina nafasi 15. Akaniuliza taratibu, "Mwanangu, na hivi vyangu tunafanyaje?" Nikachukua kalamu nikaandika tarehe mpya nyuma ya kadi. Tangu siku hiyo nawaandikia wote wanaofunga, na Wakristo wanaoacha kahawa wakati wa Kwaresima pia.

Utasikia watu wakitolea mfano Ulaya. Pret A Manger, maduka ya kahawa na vyakula ya Uingereza, walianzisha kifurushi Septemba 2020, pauni 20 kwa mwezi, vinywaji mpaka vitano kwa siku. Baadaye wakapandisha bei mpaka pauni 30, na mwaka 2024 wakakiondoa, wakaweka mpango mwingine ambao mteja analipia uanachama mdogo kisha anapata vinywaji mpaka vitano kwa siku kwa nusu bei. Angalia kwamba hata wao waliweka kikomo cha siku, na wale wana mamia ya maduka na wanauza chakula. Anayeingia kuchukua kahawa yake anaweza kutoka na mkate wenye nyama. Kwa hiyo jiulize, anayekuja na kadi kwako atanunua nini kingine? Mimi niliongeza sambusa na keki ya ndizi kwa ajili ya watu wa kadi, na siku nyingi faida yangu kwao inatoka hapo kuliko kwenye kahawa. Kama unauza kahawa peke yake, punguzo lako liwe dogo zaidi ya langu.

Kuhusu maofisi: chupa ya lita tatu kila saa tatu asubuhi, mkataba wa mwezi, ni biashara nzuri kwa sababu unapika mara moja na haigusi foleni. Ila walipe kabla. Kuna ofisi nilipeleka miezi miwili, nikaishia kufukuzia malipo kwa mhasibu kwa muda mrefu kuliko niliouza. Sirudii.

Sasa wewe. Usitangaze. Chagua watu kumi unaowajua kwa majina, wanaokuja angalau mara tatu kwa wiki, wauzie kadi kumi tu na uzione zinavyogongwa kwa mwezi na nusu. Andika pia saa wanazokuja, kwa sababu kama wote ni wa saa mbili asubuhi itabidi kadi iwe na bei nafuu zaidi mchana ili wasambae. Hiyo 60,000 yako siwezi kusema ni kubwa au ndogo mpaka nijue lita ya maziwa huko mnanunua shilingi ngapi, buni unatoa Kagera au Kilimanjaro, na kwa siku unauza vikombe vingapi vya taslimu. Weka hizo namba hapa, nitakupigia hesabu kesho jioni nikishafunga.