Fremu ya mwanzi huharibikia kwenye kukausha

Fremu yangu ya kwanza ya baiskeli ya mianzi ilidumu wiki saba. Sikugonga kitu wala kutumbukia shimoni. Nilikuwa nikipandisha kilima cha Ipogolo kuingia Iringa mjini, nikaanza kusikia mlio wa kukwaruza chini ya kiti kila nilipokanyaga pedeli. Nilipofika nyumbani nikakuta mwanzi umesinyaa ndani ya kiungo na kuacha upenyo unaopitisha ukucha. Gundi ilikuwa nzima na nyuzi za katani zilizofunga kiungo zilikuwa nzima, ila mwanzi ulikuwa umekaukia ndani ya kiungo badala ya kukauka kabla ya kufungwa. Nilikuwa nimeuanika wiki tatu tu, kwa haraka ya kutaka kuonekana barabarani.

Kwa hiyo ushauri wangu unaanzia shambani. Kata mwanzi wenye umri wa miaka mitatu hadi mitano, wakati wa kiangazi, na umri huo usiupime kwa unene, kwa sababu mwanzi hutoka ardhini ukiwa na unene wake wote. Mwanzi mchanga bado una maganda kwenye vifundo na vumbi jeupe kwenye ngozi. Uliokomaa umepoteza maganda, umeota madoa ya ukungu mkavu, na ukiugonga kwa mpini wa kisu hulia kwa sauti kavu. Huku kwetu kuna tatizo la ziada, nalo ni ulanzi, pombe ya utomvu wa mianzi: chipukizi lililokatwa ncha ili kugemwa halikui tena kuwa mwanzi wa kazi, na mwenye shamba hawezi kuacha kinywaji kinachompa fedha kila siku ili akusubiri wewe miaka minne. Patana naye mapema, mlipe, na muweke alama ya rangi kwenye mianzi yako.

Baada ya kukata, toboa kuta za ndani za vifundo vyote kwa nondo nyembamba, kisha loweka mianzi kwa wiki moja katika maji yenye boraksi na asidi ya boriki, asilimia tano hivi kwa jumla. Dawa hiyo humzuia mdudu anayebungua mianzi, ambaye hufuata wanga uliomo ndani, na dalili yake ni unga laini wa manjano sakafuni. Ukiuona unga huo chini ya fremu iliyokwisha kupakwa vanishi, umechelewa. Kisha ianike kivulini, mahali penye upepo, ikiwa imesimama, na uigeuze kila wiki. Mimi huandika uzito wa kila kipande juu ya ngozi yake kwa penseli, nikitumia mizani ya jikoni. Kipande ambacho uzito wake haujapungua hata kidogo kwa wiki mbili mfululizo ndicho kilichokauka, na kwa baridi ya Iringa hilo limewahi kunichukua miezi minne. Kilichopasuka kitupe, hata kama ufa ni mwembamba kama unywele.

Sehemu za chuma huzikata kutoka kwenye fremu chakavu ya baiskeli ya milima: bomba la usukani, bomba la pedeli lenye upana wa milimita 68, bomba fupi la kushika nguzo ya kiti, na vishikio vya gurudumu la nyuma, ambavyo lazima viachane kwa milimita 135. Kwangua rangi yote kwa tupa na msasa mpaka chuma kiwe na mikwaruzo, kisha kifute kwa spiriti na usikiguse tena kwa mkono mtupu, kwani mafuta ya vidole yanatosha kuizuia gundi ya epoksi isishike. Uma wa mbele nunua wa chuma. Usijaribu kuuunda kwa mianzi. Ukikatika, utaanguka kwa uso.

Viungo huvifunga kwa katani, zao ambalo Tanzania hatuwezi kusema tumelikosa. Ioshe, ichane, ianike juani siku unayoitumia, ichovye kwenye epoksi na uizungushe huku ukiivuta, ukipishanisha mielekeo. Juu yake zungusha nailoni iliyotobolewa vitundu, halafu vipande vya mpira wa tyubu ya baiskeli, vikazwe mpaka gundi ya ziada itoke kwenye vitundu kama jasho. Kabla gundi haijakauka, funga uzi kutoka kishikio kimoja cha nyuma, uupitishe mbele ya bomba la usukani na kuurudisha kwenye kishikio cha pili, kisha pima umbali kati ya uzi na mwanzi wa kiti pande zote mbili. Zikitofautiana, fremu imepinda na bado unaweza kuinyoosha. Unapopiga msasa vaa barakoa, maana vumbi la epoksi halitaniwi.

Watu huniuliza njiani kama mwanzi kweli unabeba mtu. Baiskeli za namna hii zilikuwa zikitengenezwa London tangu 1894, na Kumasi, Ghana, mradi ulioanzishwa na Bernice Dapaah mwaka 2009 unaziuza hadi nje ya nchi. Yangu ya sasa inabeba mimi na ndoo ya lita 20. Kila mwisho wa mwezi naigonga viungo kwa sarafu, nikisikiliza: panapolia kwa ukali pako salama, na panapotoa sauti ya bubu nafungua na kufunga upya kabla ya kuipanda.