Diploma au digrii ya usanifu wa ndani?

Mdogo wangu, umeuliza kama diploma ya usanifu wa ndani inatosha kupata kazi, au upambane uingie digrii Chuo Kikuu Ardhi. Kama sifa unazo, nenda Ardhi.

Ila popote utakaposoma, likizo zako zimalizie kwa mafundi fanicha wa Keko, Dar es Salaam, futi kamba mfukoni. Pima kila kitu: kaunta ya jikoni huwa na kimo cha karibu sentimita 90, meza ya kulia 75. Ukikosea sentimita 5 tu, droo inagonga fremu ya mlango, na wa kuulizwa ni wewe.

AutoCAD na SketchUp, programu za kuchorea kwenye kompyuta, anza mapema, lakini kuchora kwa mkono usiache kabisa. Mteja huelewa haraka ukimchorea palepale. Na kila kazi ipige picha kabla na baada, hata ukimpangia shangazi sebule.